Sifa za Mkadiriaji Majenzi

Watu wasimamapo mbele ya jengo kubwa la umma, liwe bunge, mahakama au hospitali, macho yao huvutwa na umbo lake, na ndimi zao humsifu msanifu aliyelibuni na mafundi waliolisimamisha. Ni wachache mno wakumbukao kwamba, tangu msingi ulipochimbwa hata mlango wa mwisho ulipotiwa kitasa, alikuwapo mtu aliyeshika hesabu ya fedha na ya siku, ambaye lau si hadhari yake kazi ile ingalikwama nusu, nondo zikashika kutu juani. Mtu huyo ni mkadiriaji majenzi, na sanaa yake naihesabu miongoni mwa kazi zenye amana kubwa, kwa kuwa fedha anayoichunga ni ya watu wengi wasioweza kufika kuiuliza.

Kazi yake huanza kabla jiwe halijawekwa. Huisoma michoro na kupima kila kitu kitakachojengwa, zege kwa mita za ujazo, nondo kwa tani, lipu kwa mita za mraba, hata bawaba za milango kwa idadi yake. Lakini ukitaka kuujua ubora wake, mtazame asubuhi ya kumwaga zege la msingi: ameinama juu ya shimo, akihesabu nondo moja moja na kupima nafasi baina yake, kwani zege likishamwagwa kilichofunikwa hakipimiki tena, na madai yoyote yatakayozuka juu yake yatakuwa maneno ya mmoja dhidi ya mwingine. Hesabu isiyoandikwa saa ile haipatikani baadaye kwa bei yoyote.

Siku nazo zina hesabu yake. Rangi ya ukuta wa uani yaweza kungoja mwezi pasipo kumdhuru mtu, ilhali nguzo ya chini ikichelewa wiki moja, kila ghorofa iliyo juu yake huchelewa nayo, na kodi ya winchi na mshahara wa walinzi havingoji.

Nani asiyelijua jumba la opera la Sydney? Joseph Cahill, kiongozi wa serikali ya jimbo la New South Wales, alikazania ujenzi uanze mwaka 1959, akichelea kwamba rai ya watu ingegeuka. Ukaanza, hali michoro haijakamilika na hakuna bado aliyejua jinsi mapaa yale yaliyopinda kama makombe yatakavyojengwa. Nguzo zilizokwisha simamishwa zikaonekana haziwezi kuhimili uzito, zikabomolewa na kujengwa upya. Jengo lililokadiriwa kiasi cha dola milioni 7 za Australia, kwa kugeuza paundi za wakati ule, likagharimu dola milioni 102. Na lililotazamiwa kufunguliwa mwaka 1963 likafunguliwa Oktoba 1973. Jørn Utzon, aliyelibuni, alikuwa amejiuzulu mwaka 1966 akaenda zake, wala hakurudi kuliona limekamilika.

Wako wasemao kwamba uzuri wake umekwisha lipa deni lote. Nami naupenda uzuri huo, lakini insafu yanilazimu kusema kwamba makadirio ya kitu kisichochorwa si makadirio, na kwamba mtu wa hesabu si adui wa uzuri: nadhani mapaa yangalichorwa kwanza, huenda Utzon angalimaliza kazi yake kwa mkono wake mwenyewe. Ujasiri wa mkadiriaji ni kumwambia mkubwa, mapema na kwa maandishi, kwamba fedha haitoshi, wakati ingalipo nafasi ya kupunguza au kungoja.

Wala kazi haimwishii siku ya sherehe. Sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiliwa kila mwezi. Aghalabu nusu yake hutolewa jengo likabidhiwapo, na nusu ya pili baada ya muda wa kurekebisha kasoro, ambao huwa miezi 6 au 12. Katika muda huo, wageni wakiwa wamekwisha rudi makwao, huketi na mkandarasi wakapitia kila nyongeza na kila punguzo, akifungua madaftari ya asubuhi zile za zege, mpaka pande zote mbili zitie sahihi.