Alama ya Brixia: Kukadiria Hatima ya Mgonjwa wa Nimonia ya Virusi kwa Picha ya Kifua

Alama ya Brixia ni njia ya kueleza kwa namba ukali wa nimonia ya virusi kama unavyoonekana kwenye picha ya kawaida ya eksirei. Ilibuniwa Brescia, kaskazini mwa Italia, mwanzoni mwa mwaka 2020, hospitali za Lombardia zilipokuwa zimefurika wagonjwa wa UVIKO-19. Waliochapisha maelezo yake, Andrea Borghesi na Roberto Maroldi, hawakukusudia kugundua nani ana virusi. Hiyo ni kazi ya maabara. Walitaka ripoti ya radiolojia iache maneno kama "kiasi" na "sana", ambayo kila msomaji huyapima kwa mizani yake.

Kila pafu hugawanywa kwa mistari miwili ya mlalo: mmoja hupita chini ya upinde wa aota, mwingine kwenye ukingo wa chini wa mshipa wa chini unaotoa damu katika pafu la kulia. Kanda sita zinazopatikana hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Sifuri ni kanda isiyo na kasoro. Moja hutolewa tishu zilizo baina ya vifuko vya hewa zinapovimba na kuchora mistari kama wavu. Mbili, vifuko vyenyewe vimeanza kujaa, ila wavu bado ndio mwingi. Tatu, weupe wa vifuko vilivyojaa umetawala. Jumla haizidi 18, na alama za kanda zote sita huandikwa pembeni yake, hivyo daktari huona pia ni wapi pameathirika.

Kipimo cha CT huonyesha mengi zaidi, hasa ule ukungu hafifu wa siku za mwanzo ambao eksirei huukosa. Lakini CT humtaka mgonjwa ahamishwe, na chumba kitakaswe kila anapotoka. Mashine ya eksirei yenye magurudumu humfuata kitandani, na picha inaweza kurudiwa mara kwa mara.

Katika wagonjwa 100 wa kwanza waliochapishwa, waliofariki walikuwa na alama za juu kuliko walioruhusiwa kwenda nyumbani, na wasomaji wa picha walikubaliana kwa kiwango kikubwa. Uchambuzi uliofuata wa wagonjwa 302 ulionyesha kwamba kifo hospitalini kilitabiriwa na mambo matatu: alama hiyo, umri, na hali zinazodhoofisha kinga ya mwili. Kwa hiyo alama 10 ya kijana na alama 10 ya mzee wa miaka 80 hazibebi hatari sawa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni siku ya ugonjwa. Huko Wuhan, mtafiti Pan na wenzake waliwafuatilia kwa CT wagonjwa 21 waliopona, wakaona athari za mapafu zikifika kilele takriban siku ya 10 tangu dalili za kwanza. Alama ndogo siku ya tatu, basi, haitoshi kumtuliza mtu, kwa kuwa safari ya kupanda huenda bado ipo. Alama isiyoandikiwa siku ya ugonjwa ni nusu ya taarifa.

Akili mnemba nayo iliingia mapema. Mwaka 2021, watafiti wa Brescia walieleza programu ya BS-Net, iliyofunzwa kwa picha karibu 5,000 kutoa alama kanda kwa kanda, jambo linalomwezesha daktari kuikagua. Wengi wengine walirukia moja kwa moja kwenye utabiri. Mapitio ya mifumo ya akili mnemba yaliyoongozwa kutoka Cambridge mwaka huohuo yalianza na machapisho 2,212, yakabakiza 62 baada ya mchujo, na hayakupata hata mfumo mmoja uliofaa kutumika kwa wagonjwa. Baadhi ilitumia picha za watoto wadogo kama mfano wa wasio na UVIKO-19, hivyo mashine ingeweza kujifunza kutofautisha mtoto na mtu mzima. Mtego mwingine ni mkao: mahututi hupigwa picha wakiwa kitandani, na programu huweza kubashiri kifo kwa kutambua kulala tu.

Picha si njia pekee ya kukadiria hatima: Uingereza ilipata alama ya 4C mwaka 2020 bila picha yoyote: umri, jinsia, magonjwa mengine, kasi ya kupumua, oksijeni, fahamu na vipimo viwili vya damu. Penye vipimo hivyo, eksirei hubaki na kazi ambayo damu haiwezi kuifanya: kuonyesha hewa iliyovuja nje ya pafu, na kulinganisha pafu la leo na la juzi la mgonjwa yuleyule.