Uhakiki wa Upimaji wa Usablimishaji wa Dawa kwa Uchanganuzi wa Kijoto: Uhalali Wake kwa Hifadhi ya Dawa Mkoani Katavi

Upimaji wa kanieneo ya mvuke wa dawa kwa thamogravimetria umepata wafuasi wengi kwa kuwa hutumia miligramu chache za sampuli na hukamilika kwa saa chache. Msingi wake ni mlinganyo wa Irving Langmuir wa mwaka 1913, unaohusisha kasi ya upotevu wa uzito na kanieneo ya mvuke. Mwaka 1998 Duncan Price na Mark Hawkins walionyesha kwamba mlinganyo huo unaweza kutumika pia chini ya mkondo wa gesi. Uhakiki huu unaipima mbinu hiyo kwa swali moja: je, matokeo yake yanatosha kuamua namna ya kuhifadhi dawa katika stoo za Mpanda, Inyonga na Karema?

Mfano unaofaa ni marhamu ya Whitfield, tiba ya fangasi wa ngozi yenye asidi ya benzoiki 6% na asidi ya salisiliki 3%. Asidi zote mbili husablimika kabla ya kuyeyuka.

Udhaifu wa kwanza umo katika ulinganishaji wa kifaa. Langmuir alifanya kazi katika ombwe. Ndani ya naitrojeni, kigezo cha uvukizaji hutegemea umbo la kikombe na kasi ya gesi, hivyo hupatikana kwa kupima kwanza dutu inayojulikana. Dutu inayotumika sana ni asidi ya benzoiki yenyewe. Mtafiti anayechunguza marhamu hii kwa kigezo hicho huizunguka hoja yake: anathibitisha thamani aliyoanza nayo.

Udhaifu wa pili ni ukadiriaji wa nje ya masafa ya kipimo. Vipimo hufanywa karibu na nyuzijoto 100, kisha matokeo hushushwa hadi 30 kwa mlinganyo wa Clausius na Clapeyron. Kwa dutu yenye nishati ya usablimishaji ya takriban kilojuli 90 kwa moli, kanieneo hushuka zaidi ya mara 800 kati ya viwango hivyo. Kosa la kilojuli 5 tu katika nishati hiyo hupotosha jibu la mwisho kwa karibu 45%. Tasnifu inayotoa thamani ya nyuzijoto 30 bila kutaja ukubwa wa kosa hilo haijakamilisha hoja yake.

Udhaifu wa tatu unagusa stoo moja kwa moja. Wastani wa joto hauwakilishi madhara ya joto. Chumba kinachokaa nusu ya siku kwenye nyuzijoto 20 na nusu kwenye 40 kina wastani wa 30, lakini kanieneo ya wastani ya dutu iliyotajwa hufikia takriban mara 1.7 ya ile ya chumba kisichobadilika. Stoo yenye paa la bati mwezi Oktoba haiwezi kutetewa kwa wastani wa rejista.

Mwisho, kanieneo ni hali ya usawa, ilhali upotevu ni mwendo. Ndani ya marhamu, molekuli hupita kwanza katika mafuta, kisha katika mfuniko. Kopo lililofungwa vizuri na kopo lililolegea yana dawa ileile yenye kanieneo ileile, lakini hatima zake hazifanani.

Hata hivyo, mbinu haistahili kutupwa. Inafaa kupanga dawa kwa mpangilio wa wepesi wa kusablimika, na hivyo kuonyesha zipi zichunguzwe mapema. Uamuzi wa hifadhi unahitaji ushahidi mwingine: makopo yaliyofungwa yakae katika stoo halisi katika kipindi chote cha kiangazi, yapimwe uzito na kiasi cha asidi kila mwezi, na joto lirekodiwe kila saa. Bila hatua hiyo, mgonjwa wa Karema anaweza kupewa kopo ambalo lebo yake inasema 6% na yaliyomo yanasema vingine.