Mkono wa Mchanja Chale

Mgongoni mwa sanamu nyingi za Kitabwa utaona vitone vidogo vilivyoshuka kwa mistari, vimekaribiana, hakuna kilichomzidi mwenzake. Usoni pia vimo, vimekata paji na kuzunguka mashavu. Mchongaji hakuvibuni. Alinakili miili aliyoiona kila siku katika vijiji vya Watabwa kusini mwa mji wa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Kongo, kuelekea Mpala na Moba.

Kazi ya kuchanja chale haikuwa na kifutio. Mchanja chale aliinua ngozi kwa ncha, wembe ukapita mara moja, kisha masizi yakasuguliwa kidondani ili kovu litune. Akizidisha kina kidogo tu, kovu lilinenepa na kuuvuruga mstari; akikata juu juu, lililala. Na msichana aliyechanjwa alipumua, alitetemeka, aliuma meno. Ilibidi mkono uyahesabu yote hayo, tena kwa kila kitone. Halafu ngozi ilimalizia yenyewe, kwa majuma, mwenye wembe akiwa hana tena la kurekebisha. Sijui ufundi unaodai utulivu kuliko huo.

Pambo kuu ni balamwezi, safu za pembetatu zinazoashiria kuchomoza kwa mwezi mwandamo. Limo pia katika shanga za nkaka, zinazofungwa kwenye paji.

Desemba 1884, watu wa Mbelgiji Émile Storms walimuua chifu wa Kitabwa Lusinga na kuiteka sanamu yake. Leo iko Tervuren, Ubelgiji. Inauma kwamba binti wa Kitabwa lazima avuke bahari ili aione sanamu hiyo ya mababu zake.

Ila Kalemie ni mji unaojua kuanza upya. Tetemeko la 5 Desemba 2005 lilibomoa nyumba. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia mitaani. Maji yanapotoka, akina mama husugua tope sakafuni, wakarudisha viti vya saluni, wakaanza kusuka. Mikono hiyo ndiyo ningeikabidhi balamwezi: chumba chao wenyewe, wembe mpya kwa kila mteja, mlango wazi kwa Mtabwa, Mluba na Mtwa, na kwa mwenye kovu la vita anayetaka lizungukwe na kitu alichokichagua.

Picha za sanamu zimo katika kitabu cha maonyesho ya sanaa ya Kitabwa ya 1985, kilichohaririwa na Allen Roberts na Evan Maurer. Mwanafunzi wa chale aanze kwa kuchora mapambo yaliyomo kwa hina kwenye ngozi ya mwenzake. Hina hufifia, na mwenzake huyo hatayabeba maisha yote makosa ya siku ya kwanza.