Uhakiki wa Nadharia ya Rasilimali ya Pamoja: Dagaa wa Ziwa Tanganyika

Hardin (1968) anadai kuwa rasilimali iliyo wazi kwa wote huishia kuharibiwa na wote. Dai hili likiletwa Kigoma, mvuvi huonekana kuwa chanzo pekee cha upungufu wa dagaa. Mtafiti hakubaliani nalo. O'Reilly na wenzake (2003) walionesha kuwa joto hupunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya kina, hivyo virutubisho havipandi. Cohen na wenzake (2016) walikuta katika mashapo ya ziwa dalili za samaki kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujapanuka. Ostrom (1990) anatufaa zaidi, ingawa jumuiya anazozichambua nyingi ni ndogo, ilhali ziwa hili ni la nchi nne.

Uvuvi uliposimamishwa upande wa Tanzania, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, lengo lilikuwa samaki wazaliane. Hata hivyo, modeli inayohesabu vyombo na nyavu tu (kosa alilolifanya mtafiti pia katika pendekezo lake la awali) haimwoni mwanamke anayeanika dagaa Katonga. Hana mtumbwi wala leseni, na miezi hiyo mitatu hakuwa na cha kuanika.