Nishati ya Mkazo au ya Mgeuko? Uhakiki wa Istilahi ya Uhandisi kwa Kuzingatia Afungi

Makala haya yanahakiki tafsiri "nishati ya mkazo", ambayo humjia upesi mfasiri wa ripoti za usanifu wa miundo kwa mbinu ya elementi zenye ukomo, yaani kukokotoa muundo kwa kuugawa katika vipande vidogo. Hoja kuu ni kwamba istilahi hiyo huficha kile ambacho hesabu yenyewe hudhihirisha.

Kwa mwanaisimu, mkazo ni utamkaji wa silabi kwa nguvu zaidi. Kwa mhandisi, ni nguvu ya ndani kwa kila kizio cha eneo. Mgeuko ni badiliko la kipimo au umbo. Katika hali sahili, nishati ya kila kizio cha ujazo ni nusu ya zao la viwili hivyo.

Afungi, wilayani Palma, ndipo penye mradi wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika unaoongozwa na TotalEnergies. Kimiminika hicho huhifadhiwa katika nyuzi joto −162 hivi za Selsiasi. Chuma cha tangi kikinywea kwa baridi hiyo bila kuzuiwa, kipimo hubadilika, lakini mkazo haupo na nishati ni sifuri. Kikizuiwa kisinywee, kipimo hakibadiliki, ilhali nishati hulundikana. Kwa hiyo, hata "nishati ya mgeuko" haitoshi. Istilahi inayofaa ni "nishati ya mgeuko mnyumbufu", yaani mgeuko uliobaki baada ya kutoa ule wa joto, na ambao hutoweka mzigo uondolewapo.

Athari ya pili inahusu usalama. Ramani ya nishati huonyesha pa kuongeza unene na pa kupunguza. Hata hivyo, kwenye pembe kali ya ndani, jumla ya nishati hutulia vipande vinapopunguzwa, huku mkazo uliokokotolewa ukizidi kupanda. Jina "nishati ya mkazo" laweza kumfanya mshauri wa sera aamini kuwa mkazo nao umekwisha kuthibitishwa.

SADC, ambayo Msumbiji ni mwanachama wake, iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne mwaka 2019. Hadhi hiyo itakuwa na maana Palma iwapo ripoti za Kiswahili zitatenganisha mgeuko wa joto na mgeuko mnyumbufu, na kutaja mkazo wa juu kando ya nishati.