Hongereni, Walimu wa Kufuma wa Nakivale

Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950: Wanyarwanda kwanza, baadaye Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Akina mama wanaofundisha kufuma huko wanastahili shukrani ya wazi.

Kofia ni somo zuri la kuanzia. Mwanafunzi huanzisha vitanzi 80 hivi, kisha hujifunza mishono miwili tu: wa kawaida, uzi ukikaa nyuma ya sindano, na wa kinyume, uzi ukiletwa mbele. Akiipokezanisha mmoja mmoja, hupata ukingo unaovutika na kushika kichwa. Kuelekea utosini hufuma vitanzi viwili pamoja, mpaka kofia ifungike.

Kazi hiyo ina faida ya kweli. Asubuhi za eneo hilo la Ankole zina baridi, na mtoto mchanga hupoteza joto jingi kichwani. Uzi hununuliwa mjini Mbarara. Subira hutoka kwa mwalimu. Kitanzi kikianguka, mwalimu bora hamnyang'anyi mwanafunzi sindano. Humwonyesha kilipo, akamwachia akiokote mwenyewe.

Hongereni, mama zetu. Mnawapa vijana ujuzi usiohitaji umeme wala shamba, na watavuka nao mpaka wowote.