Shanga za Chuma

Kiongozi wa ziara alikuwa ameshafika kwenye ngazi za kupandia boila, mkono juu, akiwaita wageni wake kwa ishara kwa sababu humo ndani maneno hayasikiki. Wanafunzi thelathini na kitu walimfuata, kofia za plastiki zikiwacheza vichwani, simu mikononi. Msichana mmoja hakwenda. Alikuwa amesimama nyuma ya reli ya njano akimtazama mzee aliyechuchumaa kwenye jukwaa dogo la chuma, kinga ya uso imeshuka hadi kidevuni, akichomelea rola ya kinu cha miwa. Rola ilikuwa inazunguka. Juisi ilikuwa inatiririka juu yake. Mzee alichomelea vivyo hivyo, cheche zikiruka ndani ya maji matamu, wala hakuna aliyezima mtambo kwa ajili yake.

Nami nilibaki. Nilikuwa nimepanda basi na kundi lile kutoka upande wa Chuo Kikuu cha Kibabii, asubuhi, ili niandike habari ya ziara za viwandani, na mpaka saa ile sikuwa nimepata la kuandika. Tulikuwa tumeonyeshwa mizani ya matrekta, tukaonyeshwa winchi za kupakulia, tukatembezwa mbio kwenye chumba cha kudhibiti mitambo. Kila mahali dakika tano. Mzee alipoinua kinga kubadilisha rodi, akamwona binti. Hakuuliza kitu. Aliingiza mkono ndani ya sanduku lake la vifaa, akatoa kinga nyingine kuukuu yenye kioo cheusi, akamsukumia. Kisha akamwonyesha kwa kidole mahali pa kusimama: si hapo, hapa, nyuma ya bega langu la kushoto.

Ili kuielewa kazi ya mzee yule, lazima kwanza uuelewe muwa. Ukifika kiwandani hukatwa kwa visu vinavyozunguka, kisha huchanwa kwa nyundo za mashine hadi ukabaki nyuzinyuzi zilizolowa. Ndipo unapoingia kinuni. Kinu kimoja kina rola tatu kubwa, moja juu na mbili chini, na mara nyingi huongezwa ya nne ya kulisha. Vinu vyenyewe hupangwa mstari mmoja, vinne, vitano au hata sita, makapi ya hiki yakiingia kile, na kuelekea mwisho humwagiwa maji ili sukari iliyojificha ilegee na kutoka. Rola ya juu hukandamizwa kwa nguvu za haidroliki zinazofikia mamia ya tani. Makapi ya mwisho hutoka yakiwa na unyevu wa karibu nusu ya uzito wake, yakaenda kuwashwa kwenye boila, na mvuke wa boila ukazungusha vinu vilevile. Kiwanda kinajipikia kwa kuni zake chenyewe.

Lakini yote hayo yanasimama juu ya jambo moja, kwamba rola ishike. Uso wake umechongwa meno yanayouzunguka mduara mzima, jino na mfereji, jino na mfereji, kama shamba lililopigwa matuta. Juisi ya muwa ina uchachu unaokula chuma taratibu. Muwa wa msimu wa mvua huja na tope na mchanga wa shambani. Siku zinavyokwenda meno hulainika, yakaanza kung'aa. Chuma kinachong'aa kinapendeza machoni, ila kwa kinu huo ni ugonjwa: makapi yanateleza badala ya kuvutwa, vinu vinakoroma, na sukari ya mkulima inakwenda kuchomwa pamoja na makapi. Rola ya namna hiyo mzee aliiita kipara.

Dawa ya kipara ni shanga. Fundi hudondosha juu ya meno matone madogo ya chuma kigumu chenye kromiamu nyingi, moja baada ya jingine, mamia kwa mamia, hadi uso wa rola ukakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Kueleza ni rahisi hivyo.

Sasa tazama kwa karibu. Rola ile ni chuma cha kusubu, na chuma cha kusubu kinachukia moto wa kung'ang'aniwa. Ukikipiga mstari mrefu wa kuchomelea, kinapasuka kikipoa. Kwa hiyo mkono unagusa na kuondoka kabla joto halijazama. Tena rola inazunguka mara nne au tano kwa dakika, imelowa, na juu yake imekaa sahani yenye meno yanayoingia katikati ya mifereji kukwangua makapi. Ukidondosha tone nene kupita kiasi litagongana na sahani hiyo. Ukidondosha dogo mno, muwa utalifuta kabla ya machweo. Na umeme wenyewe una hatari yake. Waya wa athi usipofungwa mahali pake, pale ambapo brashi inagusa shafti, mkondo utajitafutia njia kupitia beringi, utazitoboa vijishimo usivyoviona, na miezi kadhaa baadaye beringi itakufa na hakuna atakayekumbuka ni kwa nini. Nilimwona mzee akianza kila rodi mpya kwa jambo moja. Aliushika waya wa athi, akaufuata kwa kiganja mpaka mwisho wake, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa usiku. Rodi baada ya rodi. Hakuruka hata mara moja.

Kisha anarudi kuchuchumaa. Kiwiko cha kulia anakiegemeza gotini, na hapo mkono unatulia. Hapo ndipo uzuri ulipo, na ilinichukua muda kuuona. Mkono haulikimbizi jino. Jino ndilo linaloujia mkono. Rodi inashuka kidogo, kunasikika mlio mfupi kama donge la andazi linapopokewa na mafuta, rodi inapanda. Jino linalofuata limeshafika. Mlio tena. Nilijaribu kuhesabu nikapotea, kwa sababu mwendo haukuwa sawa. Palikuwa na mianya. Mara matone sita mfululizo, mara analiacha jino zima lipite hivihivi, mara mawili, kisha anaacha tena. Nikadhani amechoka.

Zamu ilipobadilika akatoka nje, tukakaa kwenye benchi la mbao karibu na karakana, yeye na kikombe chake cha chai ya maziwa. Akamgeukia binti. Alimwita mama, kama wazee wa huku wanavyowaita mabinti.

"Haya mama, umeona nini?"

"Nimeona unasubiri, mzee."

Mzee akaweka kikombe chini. Sijui alikuwa amejibiwa hivyo na wageni wangapi kabla yake, lakini uso wake ulibadilika. Akaanza kueleza, na akaeleza kwa muda mrefu. Juisi haimwagiki sawasawa juu ya rola. Kuna mahali inashuka nzito kama pazia. Tone likiangukia hapo linavimba, linakuwa na tundu ndani, linaonekana zuri na kesho halipo. Kwa hiyo unaliacha jino lile lipite, unalingoja mzunguko ujao, kwa sababu pazia lenyewe linahama. "Ukilazimisha," akasema, "umepamba tu."

Binti akauliza anajuaje kwamba kazi imetosha. Nilitarajia atasema anaangalia rola. Akasema haangalii rola kabisa. Anaangalia shuti, yaani ule mdomo mrefu wa chuma unaokilisha kinu kutoka juu. Rola ikiteleza, miwa inajaa kwenye shuti na kupanda. Rola ikishika, inashuka yenyewe, kinu kinaacha kukoroma na sauti yake inakuwa ya chini zaidi. "Shuti ndiyo inanipa maksi."

Ufundi huo hakuupata darasani. Aliingia kiwandani Webuye akiwa kijana wa kubeba waya na kufagia karakana, siku ambazo kiwanda cha karatasi kilikuwa ndicho roho ya mji. Kiwanda kile kilianza kuzalisha mwaka 1974, kikafungwa mwaka 2009, na mafundi wake wakatawanyika kama mbegu. Wengine walifungua vibanda vya kuchomelea kando ya barabara, wengine wakafuata sukari. Katikati ya safari yake alifanya mtihani wa gredi, ya tatu kisha ya pili, ile inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Vyeti anavyo, vimefungwa kwenye karatasi ya nailoni ndani ya sanduku nyumbani. Kuhusu kusubiri pazia la juisi lihame, hakuna cheti kinachosema lolote.

Kwa sababu hiyo naziona ziara hizi kuwa jambo zito, na naumia zikiharakishwa. Mkoa huu wa zamani wa Magharibi, pamoja na jirani yake Trans Nzoia, una utajiri wa kusomea uhandisi ambao watu huupita wakienda kuutafuta Nairobi. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianzishwa 1975 na kuanza kusaga 1978, na mwaka 2025 kikakodishwa kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30. Kitale ina Kampuni ya Mbegu ya Kenya tangu 1956, na mahindi chotara yaliyotoka kwenye utafiti wa Kitale miaka ya 1960 yalibadilisha shamba la kila mtu niliyemjua utotoni. Ina taasisi yake ya kitaifa ya ufundi, na ina vijana wa jua kali wanaounda mashine za kupukuchua mahindi za kuendeshwa kwa trekta. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichokuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro tangu 2011, kilipata hati yake mwaka 2015, na kutoka kwenye lango lake unaweza kufika kwenye vinu vya miwa kabla chai haijapoa kwenye chupa. Na kabla ya hayo yote, vilima vya Samia vilikuwa vikiyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali. Moto wa chuma si mgeni huku.

Mwajiri anayetozwa ada ya mafunzo hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, ili pawe na mafunzo ya kazini. Mwanafunzi naye huenda kiwandani miezi mitatu na daftari lake linalotiwa sahihi kila wiki. Mpango upo, na ni mpango mzuri. Kinachokosekana mara nyingi ni ruhusa ya kusimama. Kundi likipitishwa vituo 12 kwa saa mbili, litaona mitambo yote na halitaona uamuzi hata mmoja. Mtambo unaweza kuuona kwenye picha. Uamuzi wa mzee yule wa kuliacha jino lipite hauonekani mpaka umetazama meno mia yakipita. Ningekuwa mpangaji, ningempa kila mwanafunzi fundi mmoja na asubuhi nzima, kisha jioni wakutane wasimuliane.

Haya yanahusu pia mageuzi ya kazi ambayo kila mkutano unayazungumzia. Kuna nchi ambako mtambo wenye kichwa cha kuchomelea hutembea wenyewe kwenye reli mbele ya rola na kudondosha matone bila mtu kuchuchumaa kwenye mvuke. Siupingi. Magoti ya mzee yule yameharibika, macho yake yanatoa machozi usiku, na mtambo ungemwondolea mateso hayo. Lakini atakayeuunda mtambo huo kwa ajili ya vinu vyetu, vyenye miwa yetu ya tope la Aprili, atahitaji kujua kwamba pazia la juisi linahama na kwamba maksi zinatolewa na shuti. Elimu hiyo sasa hivi inakaa kwenye kiwiko kilichoegemea goti. Binti yule anasomea umeme, na alipokuwa akiuliza maswali nilimwona akichora kitu: shuti, na juu yake alama ya kifaa cha kupimia kimo cha miwa, na mshale ukirudi kwa fundi. Hakuuelekeza kwenye chumba cha kudhibiti mitambo. Aliuelekeza kwa fundi.

Nyuma ya karakana kulikuwa na gamba la rola lililokufa, limelala kwenye nyasi, meno yake yameliwa. Mzee akamvisha binti glavu zilizomfika viwikoni na aproni ya ngozi, akamfungia athi, kisha akamshika kiganja na kukipitisha juu ya waya wote mpaka mwisho. Rola hii haizunguki, kwa hiyo akaanza kuiendesha kwa mdomo, akihesabu polepole: moja, acha, moja, moja, acha.

Binti alidondosha shanga tano. Mzee akachukua nyundo ndogo akazigonga kwa zamu. Ya kwanza iliruka ikapotelea nyasini. Ya pili pia. Ya tatu ilipasuka katikati, akamwonyesha tundu lililokuwa ndani yake. Basi lilikuwa linapiga honi getini, na kiongozi wa ziara alikuwa anakuja mbio akitafuta mtu wake. Mzee akagonga ya nne, akagonga tena kwa nguvu zaidi, kisha akampa binti nyundo agonge mwenyewe.